Kipande cha Kabla ya Mwisho

Maneno haya niliyasema Chake Chake, mbele ya vijana wanaojifunza kuandika hadithi na michezo ya redio. Siku ile mvua ilipiga tangu asubuhi, na wenzetu wengi wa Wete, Konde na Micheweni hawakuwahi gari. Wameniomba, nami nayaweka hapa yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana kubwa.

Assalaam alaykum.

Wazee wangu mlioko mbele, maalim wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa mkekani kwa kuwa viti vimekwisha: ahsanteni kwa kuja na matope yenu. Nimeona sinia ya pweza kule nyuma imefunikwa kawa. Nimeiona, na najua nanyi mmeiona, kwa hiyo tuelewane mapema kwamba hapa hakuna atakayekawia.

Nimeombwa nizungumze juu ya kumaliza hadithi. Nimekataa. Kumaliza si kazi. Mtu akifa, au akiolewa, au akipanda jahazi akaenda zake, hadithi imekwisha. Mimi nataka nizungumze juu ya kipande cha kabla ya mwisho. Usiku wa kuamkia mwisho, pale msimulizi anapokuwa na madeni yote mkononi na hana tena pa kujificha. Hadithi nyingi hufia hapo, sisi tukasingizia mwisho.

Mfano wangu mkubwa leo si wa kwetu. Ni tamthilia ya Kimarekani, Game of Thrones: nchi ya kubuni, falme saba, kiti kimoja cha chuma kinachogombaniwa na wote, na malkia mwenye majoka yanayoruka na kutema moto. Nani ameitizama? Nyoosheni mikono. Haya. Naona mikono minane, na mingine mingi inakuna vichwa kwa kuwaogopa wazee. Sikulaumuni. Mna mambo ndani yake ambayo mtu hayatizami na mkwewe, wala simshauri mtu atoke hapa akaitafute. Nataka kuzungumza juu ya kilichotupata sisi tuliokuwa tukiitizama.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 13 Mei 2019, saa kumi alfajiri. Kwao Marekani ilikuwa bado Jumapili, saa tatu za usiku. Sisi tulikuwa katika kumi la kwanza la Ramadhani. Mnaiona hesabu hiyo? Watu wa dunia nzima wamekaa kukisubiri kipande cha tano cha msimu wa nane, kipande cha kabla ya mwisho, na kwetu sisi kikaangukia daku.

Jirani yangu ana dishi. Mkewe alikuwa amepakua wali na mchuzi wa changu, tumekaa chini tunakula na macho yako juu. Alikuwepo jirani mwenyewe, wanawe wawili, binti wa ndugu yangu aliyekuwa likizo, na mama yake jirani, bi mkubwa wa miaka themanini na kitu, ambaye alikuja kula daku lake tu na alikuwa akidhani joka ndilo lenye uamuzi wa kila jambo. Dirishani walisimama vijana wa ngoma ya daku. Walikwishamaliza mitaa yao, ngoma zingali shingoni, wakasema wanapumzika. Wanapumzika! Walikuja kutizama, na walichagua njia yao usiku ule ili imalizikie pale.

Sasa kwa wasioijua, nieleze kidogo. Malkia huyu anaitwa Daenerys. Baba yake alikuwa mfalme aliyepotewa na akili, akataka kuuteketeza mji wake mwenyewe, akauliwa na mlinzi wake. Binti akakulia uhamishoni, akauzwa kwa mume, akafiwa, akaangua majoka matatu, akakomboa watumwa mji baada ya mji, na misimu minane yote anarudi nyumbani kudai kiti cha babake. Siku imefika. Ameuzingira mji mkuu. Mshauri wake amemsihi: ukisikia kengele zinalia, ujue wamesalimu amri, simamisha vita. Joka likavunja merikebu, likavunja lango, jeshi la kukodi likateketea. Askari wa mji wakatupa panga chini. Na kengele zikalia.

Bi mkubwa akauliza, "Hizo kengele za nini?"

Mjukuu wake akamjibu, "Wameshindwa, bibi. Wamesalimu amri."

"Basi vimekwisha. Nipitishie mchuzi."

Na mchuzi haujamfikia, Malkia juu ya joka lake akatizama ile ngome ya hasimu wake, uso ukambadilika, akaruka. Hakwenda ngomeni. Aliushukia mji. Akachoma mitaa, wanawake, watoto, wachuuzi, mitaa mizima, mtaa kwa mtaa. Chumbani hakuna aliyetafuna. Kule dirishani mmoja katika vijana wa ngoma alisema neno ambalo sitalitamka mbele ya wazee. Bi mkubwa akaweka tonge chini, akatutizama sisi, si televisheni, akauliza:

"Sasa huyu kafanyiwa nini?"

Hakuna aliyemjibu. Muda mdogo baadaye muadhini akaadhini. Mtoto mkubwa wa jirani alikuwa na bilauri ya maji mkononi tangu kengele zilipoanza, hakuinywa. Alishinda siku ile ya jua kali akimlaani Malkia kwa kiu.

Kafanyiwa nini? Ndugu zangu, nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya alfajiri ile, ya wahakiki na ya watu wa kawaida, na sijaona aliyelishinda swali la bi mkubwa. Marekani peke yake, kwa hesabu ya waliokirusha, watu milioni 18.4 walikitizama kipande kile usiku ule. Likazunguka ombi la kutaka msimu mzima utungwe upya na waandishi wengine. Saini zikapita milioni moja na nusu. Milioni moja na nusu ya watu wazima wameweka majina yao kudai hadithi ibadilishwe! Waliweka majina yao, na wengine walikwisha kuwapa watoto wao jina la Malkia. Mwaka 2018 tu, Marekani, zaidi ya watoto wa kike 500 waliandikishwa kwa jina la Khaleesi, ambalo ndilo lakabu yake. Fikirieni mama anayembeba Khaleesi wake wa miezi minane mapajani huku Khaleesi wa kwenye kioo anachoma watoto. Sisi tusicheke sana. Kule kwetu kulikuwa na ng'ombe wa mchezo aliyepewa jina la joka lake, Drogon, na baada ya Mei ile mwenyewe akawa anamwita kwa jina la zamani.

Nataka mlishike vizuri jambo moja. Watizamaji wale hawakuwa watu laini. Msidhani walikasirika kwa sababu mhusika wanayempenda alifanya ubaya, au kwa sababu waliona damu. Hii ilikuwa tamthilia iliyowazoesha vipigo, na ilikuwa na desturi ya kuvitoa katika kipande hichohicho cha kabla ya mwisho. Msimu wa kwanza, mwaka 2011, kipande cha tisa kati ya kumi, mtu tuliyedhani ndiye shujaa wa hadithi nzima, Ned Stark, akakatwa kichwa hadharani mbele ya binti zake. Watu waliduwaa. Mwaka 2013, msimu wa tatu, kipande cha tisa tena, ikaja ile harusi.

Hiyo harusi nakaa nayo kidogo, kwa sababu ni darasa tupu. Kijana Robb Stark, mtoto wa yule aliyekatwa kichwa, yuko vitani na anataka kuvuka mto. Daraja lina mwenyewe, mzee mmoja mwenye kinyongo na mabinti wengi. Mzee anasema: pita, lakini utaoa binti yangu. Kijana anakubali, anavuka, halafu anapenda kwengine na anaoa kwengine. Wapemba, niambieni. Mtu akivunja posa namna hiyo, tena posa ya mzee mwenye kinyongo, akarudi na mkewe mpya mkononi kuomba radhi, mnatarajia atapewa halua na kahawa?

Mnacheka kwa sababu mnajua. Na msimulizi alijua kwamba mnajua. Alitupa misimu miwili kuiona posa ikivunjika. Halafu usiku wa harusi yenyewe, ya kufidia ile posa, anatupa dalili moja baada ya moja: mlango wa ukumbi unafungwa; wapiga muziki wanageuza wimbo; mama wa kijana anamshika mkono bwana aliyekaa karibu naye, anainua mkono wa nguo, na chini ya nguo ya harusi anaona deraya. Chuma. Kwenye harusi! Wakachinjwa wote, kijana, mama, na mke mwenye mimba.

Watu walilia mwaka 2013. Walitupa mito, waliapa hawataitizama tena, waliwavizia jamaa zao wasiojua kitakachotokea wakawarekodi wakipiga mayowe. Lakini nani aliandika ombi la kuitaka harusi itungwe upya? Maumivu yalikuwa makali kuliko ya mwaka 2019, na hakuna aliyeuliza kafanyiwa nini. Tulijua alichofanyiwa mzee yule. Alivunjiwa posa.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mimi nilikuwa na jawabu langu, na jawabu langu nilirithi kwa babangu, Mungu amrehemu.

Babangu alikuwa mtu wa sinema. Ujanani mwake filamu za Kihindi zilikuja Pemba kwa boti kutoka Unguja, mikanda ndani ya makopo ya bati, na filamu moja ilikuwa makopo mengi. Usiku mmoja kopo moja halikufika. Si la mwisho. La mwisho lilikuwepo. Lililokosekana ni la kabla ya mwisho. Mpigaji picha akaona watu wamekwisha kulipa, nyumba imejaa, akasema liwalo na liwe, akaliruka kopo hilo. Basi katika mkanda mmoja kijana anaubusu mkono wa mamake, anatoka nyumbani amevaa vizuri, anaimba. Taa zikapepesa. Kijana huyohuyo yuko jela na minyororo miguuni, mamake ni kipofu, na mchumba wake amevaa nyeupe za ujane. Nyumba kimya. Halafu mchukuzi mmoja wa karafuu kule mbele, viti vya bei rahisi, akasimama, akageuka nyuma akamwelekea mpigaji picha, akapiga ukelele: "Tupe kipande chetu!"

Hakusema turudishie pesa. Hakusema mtoe kijana jela. Tupe kipande chetu! Nyumba nzima ikaitikia. Babangu akisimulia alikuwa akisimama kitini na kuipiga meza: tupe kipande chetu, tupe kipande chetu.

Kwangu mimi, yale ndiyo yaliyokuwa malalamiko ya Mei 2019. Msimu wa kwanza mpaka wa sita, kila mmoja ulikuwa na vipande kumi. Wa saba ukawa na saba. Wa nane, sita. Jumla 73. Safari iliyokuwa ikichukua msimu mzima, mtu kutoka mji mmoja mpaka wa pili na akili yake ikibadilika njiani, sasa ilimalizika baina ya chai na chai. Malkia alikuwa amefiwa na joka moja msimu wa saba. Katika kipande cha nne cha msimu wa nane, ndani ya kipande hicho kimoja, joka la pili likatunguliwa na rafiki yake wa karibu kuliko wote, Missandei, akakatwa kichwa mbele ya macho yake. Katika kipande kinachofuata Malkia hali, halali, hachani nywele, anamchoma mshauri wake kwa usaliti, na mwanamume anayempenda anamkwepa. Halafu kengele. Kila kitu kimo, lakini vyote vimesokotwa ndani ya wiki mbili, na sisi tulikuwa na miaka minane. Alipofika Malkia siwezi kupakataa. Nilichokitaka ni kuiona njia aliyopita.

Nyinyi mnaotoka Pujini mnaelewa zaidi. Mmekulia karibu na magofu ya Mkama Ndume. Nani alikusimulieni kwanza? Bibi, babu, mtu fulani wa nyumbani. Na alianzia wapi? Hakuanza kwa kusema palikuwa na mfalme dhalimu. Alianza na kisima. Mfalme ana wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta katikati ya kisima kimoja, huyu ateremke kwa ngazi upande wake na yule avute kwa ndoo upande wa pili, wasionane nyuso. Mtoto akisikia hivyo anacheka. Mfalme gani huyu, anapasua kisima! Halafu kidogo kidogo msimulizi anakuhamisha: mtu anayeweza kulitia ukuta katikati tone la maji, je, watu atawafanyaje? Ndipo zinapokuja habari za mawe, watu wamebebeshwa mawe ya ngome vichwani na huku wanajikokota kwa matako. Sasa hucheki. Na jina lenyewe unalisikia upya: mwenye kuwakama wanaume kama mtu anavyokama ng'ombe. Sijapata kumsikia mtoto wa Pujini akiuliza Mkama Ndume kafanyiwa nini. Alikwisha kumjua tangu kisimani.

Nilikuwa nimeridhika na jawabu langu hilo. Nikalitembeza barazani, nikalifundisha darasani, na nadhani baadhi yenu hapa mliliandika kwenye mtihani mkapata alama. Mpaka siku moja yule binti wa ndugu yangu, aliyekuwa nasi kwenye daku, akaniambia, "Ami, wewe siku ya Astapor si ulimwaga chai?"

Astapor. Naomba mnivumilie, hapa ndipo nilipotaka kukufikisheni.

Astapor ni mji wa wauza watumwa katika tamthilia hiyo, msimu wa tatu, mwaka 2013. Malkia anakwenda kununua jeshi la watumwa. Muuzaji anamtukana usoni kwa lugha yake, akidhani haielewi. Anakubali kuliuza jeshi zima kwa joka moja. Anakabidhiwa mnyororo wa joka, Malkia anakabidhiwa mjeledi, na hapo Malkia anazungumza kwa lugha ileile ya muuzaji. Alikuwa akielewa kila neno. Joka haliuziki. Analiamrisha, muuzaji anaungua wima, na jeshi linaambiwa liwaue mabwana wote wenye mijeledi.

Mimi ni mtu wa visiwa hivi. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na kanisa likajengwa papo hapo, na mpaka leo ukipita pale ukasikia kengele yake unajua inalilia ardhi gani. Sasa mtu wa kwetu aonyeshwe muuza watu akiungua huku mtumwa amekatiwa mnyororo, asipige makofi? Nilipiga makofi. Nilisimama. Chai ilimwagika kwenye mkeka wa watu. Sijutii sana, nikisema kweli.

Lakini binti hakuniacha. "Na Meereen, ami?" Meereen, msimu wa nne, mabwana wamewatundika watoto 163 wa watumwa njiani, mmoja kila maili, ili kumtisha. Malkia akauteka mji, akawatundika mabwana 163. Kwa hesabu. Hakuuliza nani katika hao alipinga na nani aliamuru, alihesabu vichwa. Mimi nilisema haki imepita. "Na yule baba na mwanawe?" Msimu wa saba, mateka wa vita, baba na mtoto, wamekataa kupiga magoti. Akawachoma wote wawili, na mshauri wake anamsihi pembeni. Hapo, nakumbuka, nilinyamaza. Nilinyamaza, sikuinuka, sikuzima.

"Basi," akasema, "nyinyi mlikuwa mnaonyeshwa kisima miaka yote. Mkawa mnacheka."

Mtoto huyo anasoma sheria, msimlaumu.

Nimelala na maneno yake siku nyingi. Ni kweli au si kweli? Kila mara moto ule ulipowaka, msimulizi alituchagulia wa kuchomwa: muuza watu, mtesaji, adui. Tukauzoea moto kwa sababu tulimchukia anayeungua. Zile hasira zetu za alfajiri, nusu yake tuliwastahilishia waandishi kwa haki, kopo lilikosekana, nalisimamia hilo mpaka kesho. Nusu ya pili naogopa tulijikasirikia wenyewe. Maana tukiwa tumepiga makofi Astapor, na tumehesabu pamoja naye Meereen, swali la bi mkubwa linatugeukia. Bi mkubwa hakuwa na lawama, hakuitizama misimu saba ya mwanzo. Sisi tuliitizama.

Sasa mnaniuliza, kama dalili zilikuwepo, mbona hatukuziona? Na hapa nazungumza na nyinyi waandishi, wazee wanisamehe. Itizameni ile kengele. Muongozaji wa kipande kile, Miguel Sapochnik, ana chaguo moja kubwa: baada ya kengele, kamera itakaa na nani? Tunamuona Malkia juu ya joka, uso wake, pumzi zake, machozi yanakaribia, anaruka, na kuanzia hapo mpaka kipande kinakwisha uso wake hatuuoni tena. Hatuuoni! Joka tu kwa chini, kivuli na moto. Kamera imeshuka mtaani. Imekaa na Arya, binti wa yule aliyekatwa kichwa msimu wa kwanza, anakimbia vumbini. Imekaa na mama mmoja na mtoto wake mwenye farasi wa mti mkononi. Wanaungua, na farasi wa mti anabaki.

Watu wengi wamekilaumu chaguo hilo. Wanasema tumenyimwa uso wa Malkia katika saa tuliyouhitaji kuliko zote. Mimi nimebadilisha mawazo mara tatu. Leo, na msinishike kwa kesho, naona kushuka mtaani kulikuwa sawa. Misimu saba tulikuwa juu ya joka pamoja naye. Ilikuwa zamu yetu kukaa chini. Kosa lilifanyika kabla, pale ambapo tulihitaji saa mbili tatu za kukaa chumbani naye, hali, halali, tukamsikia akijibishana na nafsi yake, na tukapewa dakika chache. Ukitaka kumnyima msikilizaji uso wa mhusika katika saa ngumu, mshibishe kwanza uso huo. Sapochnik hana kosa hapo. Alipewa mkanda aliopewa.

Kwa njia, mji ule mnaouona ukiungua ni Dubrovnik kwa sura, kule Croatia, mji wa zamani uliomo katika urithi wa dunia tangu 1979 kama Mji Mkongwe wetu ulivyoingizwa mwaka 2000. Mji wa namna hiyo huwezi kuutia moto kwa sababu ya televisheni. Wakajenga mitaa ya kuchoma huko Belfast. Nilipolijua hilo nilimwambia rafiki yangu wa Shangani, akasema afadhali, maana kwetu nyumba zinaanguka bila joka.

Na lile ombi la saini milioni moja na nusu? Halikuzaa kitu. Wiki moja baadaye mwisho ukarushwa kama ulivyokuwa, na mwezi wa Septemba msimu uleule ukapewa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Waamuzi na wasikilizaji hawakai baraza moja, mtalijua hilo mkianza kuandika. Lakini sitaki mlidharau ombi. Kwetu msimulizi akisema paukwa, anasubiri. Asipoitikiwa pakawa, hasimulii. Hadithi ya kwetu haijapata kuwa ya mtu mmoja. Watu wale milioni moja na nusu walikuwa wakiitikia. Walichelewa tu, na aliyekuwa akisimulia alikwishaondoka ukumbini.

Nimekumbuka, sikumaliza ya babangu. Lile kopo lililokosekana lilifika baada ya wiki mbili. Mwenye sinema, mtu wa biashara, akatangaza ataonyesha kopo hilo moja tu, kwa kiingilio. Nyumba ikajaa! Watu waliolipa mara ya kwanza walilipa tena. Kwa wiki mbili zile walikuwa wamekaa barazani wakitunga wenyewe jinsi mama alivyopofuka: wengine wakasema kwa kulia, wengine kwa sumu ya wifi, babangu alikuwa na riwaya yake ndefu yenye radi ndani. Kopo likapigwa. Mama kapofuka kwa maradhi ya macho, daktari kasema, basi. Babangu alirudi nyumbani amenuna. Alisema yetu ya barazani yalikuwa bora.

Kwa hiyo na hilo nalo lipo, na sina la kulifanya.

Naona kawa limeanza kusogezwa kule nyuma na mtu anayedhani simuoni. Tuchukue maswali mawili kabla pweza hajapoa. Wewe wa Pujini, uliyenyoosha mkono tangu nilipokitaja kisima na uso umeukunja. Najua unataka kuniambia nyumbani kwenu hakikusimuliwa hivyo. Simama, tusimulie kilivyosimuliwa.